Chatu wa mwanangu anapumua kwa mluzi, nimlishe au nimuache?

Kaka salaam, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Naandika kutoka Minnesota, sa hivi ni saa kumi na moja alfajiri, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee na sijalala, kwahiyo nikichanganya maneno nisamehe.

Mwanangu mkubwa, Farid, ana chatu. Sio yale makubwa ya kumeza mbuzi, ni wale wadogo wanaojikunja kama mpira wakiogopa, jike, anaitwa Shanga, ana miaka sita. Alimnunua akiwa na miaka 13 kwa hela aliyopata kwa kuwazolea majirani theluji. Agosti iliyopita kaenda chuo Ohio, bweni hawaruhusu wanyama, akaniachia mimi. Mi mtu wa Tanga, kwetu nyoka akionekana ni jembe na kelele, wiki za mwanzo nilikuwa naweka maji huku nimegeuza uso. Lakini kaka miezi imeenda nimemzoea, nikirudi kazini nyumba nzima imelala namkuta yeye tu yuko macho anatoa ulimi ananinusa, nikawa namsalimia.

Oktoba mama mkwe akaja kutoka nyumbani. Nikaogopa asije akaona nyoka chumba cha jirani na anapolala, nikaliteremsha tanki besimenti karibu na mashine ya kufulia nikalifunika shuka. Kule kuna baridi, nilijua kuna baridi, nikasema ana ile hita yake ya chini itamtosha. Hapo ndo nilipokosea, najua, najuta kila siku.

Desemba akaanza kukataa panya. Farid alisema wakati mwingine huwa wanagoma kula wakati wa baridi nisihofu, nikatulia. Sasa wiki mbili hizi anapumua kwa mluzi, mluzi mwembamba kama filimbi ya mtoto, unausikia mashine ikiwa imezimwa tu. Jana nimefunua shuka nikamkuta kanyoosha shingo juu kaegemea kioo, mdomo umeachama kidogo, ute unaning'inia kwenye mdomo kama uzi, na kwenye tundu la pua moja kuna kipovu kinatuna kinapasuka, kinatuna kinapasuka. Nilikaa pale sakafuni nikalia. Nimempima kwenye mizani ya jikoni, ana gramu 1,390. Daftari la Farid linasema Agosti alikuwa 1,640. Kile kimkanda cha joto kilichobandikwa kiooni kinasoma 74.

Nimepiga simu kliniki mbili wakasema wao ni mbwa na paka tu. Ya tatu wakasema kumuona pamoja na eksirei ni karibu dola 400. Mume wangu hataki kusikia, anasema dola 400 kwa nyoka wakati kuna watu nyumbani wanaomba ada, yeye kaambiwa na wenzake kazini tumuweke friza atalala tu taratibu bila maumivu. Rafiki yangu kazini kaniambia nisage amoxicillin nichanganye na maji nimpe, na nimkamate nimsukumie panya mdomoni apate nguvu. Mama mkwe keshajua, alisikia mluzi usiku akadhani ni mambo mengine, akasoma dua mpaka asubuhi, nikabidi nimuoneshe. Kasema mtoe nje. Nje ni baridi ya kuua hata mtu.

Na Farid hajui. Ndo kaanza muhula mpya, sitaki kumvuruga. Nifanye nini kaka? Nimlishe kwanza? Na hivi nyoka anasikia maumivu kweli?

Mama Farid

*

Mama Farid dada yangu, marahaba naipokea, nadhani nimekuzidi.

Nianze na lile la haraka kabla hata hujaendelea kusoma: usimlishe. Usimpe panya, usimpe kipande cha nyama, usimpe kitu chochote mdomoni. Nenda sasa hivi kaliondoe lile tanki besimenti, liweke chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani kwako, alafu rudi tuzungumze.

Dalili ulizoandika, mluzi, mdomo kuachama, ute, povu puani, shingo juu, zinaelekea kwenye maambukizi ya mapafu, na hatua aliyofika sio ya mwanzo. Mimi sio daktari wa wanyama, nimefuga chatu kama huyo miaka mingi na nimewauguza wawili kwa ugonjwa unaofanana na huo, mmoja akapona mmoja akafa, kwahiyo nakuambia ninachokijua kwa mikono yangu na nilichofundishwa na madaktari waliowatibu. Nyoka hana ule msuli chini ya mbavu ambao sisi tunautumia kukohoa. Wewe ukipata makohozi unakohoa unatema, yeye hawezi, ute unabaki humo humo ndani unazidi kujaa, ndo maana ananyoosha shingo juu, anatafuta namna hewa ipite. Usimshushe kichwa wala usimlaze chini kwa nguvu ukidhani unampumzisha, akitaka kuegemea kioo muache aegemee.

Umeuliza kama anasikia maumivu. Anasikia. Kutokulia kwake kusikudanganye. Mbwa akiumwa atalalamika, paka atajificha, nyoka anajikunja pale pale alipo na wewe unaona kama ametulia tu, mpaka siku unaona povu ujue ameumwa muda mrefu sana. Na hili nalisema ili usijihukumu sana kwa Desemba, maana Farid hakukosea, hao chatu kweli huwa wanagoma kula miezi hata mitatu minne na hawana tatizo lolote. Tofauti iko kwenye mizani. Mzima anayegoma kula hapungui sana. Wako kapoteza gramu 250 kati ya 1,640, hiyo ni kama asilimia 15, wengi wetu tukiona asilimia 10 tu tunakuwa tayari kwenye simu na daktari. Yaani wewe kumpima umefanya jambo kubwa kuliko unavyofikiri.

Sasa joto. Hapa ndo pa kukaa nalo maana ndo dawa ya kwanza na haina gharama ya kliniki. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake kama wetu, joto analipata nje, na kinga yake ya mwili inafanya kazi kwa joto hilo hilo. Akipoa, kinga inalala, bakteria ambao kila siku wapo mdomoni mwake bila kumdhuru wanapata nafasi ya kushuka kwenye mapafu. Hiyo 74 yako ya Farenhaiti ni kama nyuzi 23 za selsiasi, tena hicho kimkanda cha kioo kinapima kioo, hakipimi pale nyoka alipolala, na usiku wa Minnesota huko besimenti naamini ilikuwa chini ya hapo. Unatakiwa upande mmoja wa tanki uwe kati ya 88 na 90, yaani nyuzi 31 hadi 32, na upande wa pili usishuke chini ya 80, usiku na mchana, mpaka apone. Nunua kipimajoto cha dijitali chenye waya, ile ncha yake uilaze chini ndani ya kile kipango anachojificha. Na hita iwe na themostati, kile kifaa kinachoizima joto likizidi, tafadhali sana, hita bila themostati inaunguza, nimeona chatu ameungua tumbo zima hakutoka pale kwasababu alikuwa anahitaji joto akakaa juu ya moto. Funika tanki blanketi pande tatu, acha nafasi ya hewa juu.

Maji ya kunywa masafi yawepo muda wote. Unyevu usiuondoe, asilimia 60 hivi inamfaa, hewa kavu ya nyumba zenye hita inamkausha ute ukawa mgumu. Lakini unyevu na baridi kwa pamoja ndo balaa, kwahiyo joto kwanza. Toa yale maranda au udongo uliomo, tandika karatasi za jikoni nyeupe, utaona kila tone la ute na kila mkojo na daktari atakuuliza. Usimuogeshe kwenye beseni, mgonjwa wa mapafu aliyeishiwa nguvu anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Usimpake wala usimfukizie Vicks, mafuta ya mkaratusi, vitunguu saumu, hizo harufu kali zinazidi kuyachoma mapafu ambayo tayari yamechoka.

Kwanini asile? Kumeng'enya panya mzima ni kazi kubwa kwa mwili wake hata akiwa mzima, na mgonjwa aliyepoa panya anaweza kumuozea tumboni au akamtapika, na ukimsukumia kwa nguvu huku kifua kimejaa unamkaba. Amoxicillin pia hapana dada. Rafiki yako ana nia njema, ila bakteria wanaoshambulia sana mapafu ya nyoka, mmoja wao anaitwa Pseudomonas, amoxicillin haimfanyi kitu, na dawa ya mdomo ukiimwaga kwenye koo lenye ute inaweza kushukia huko huko kwenye mapafu.

Kinachotibu ni sindano, na sindano ni lazima daktari aandike. Wa kwangu alipewa seftazidimu, dawa ya kuua bakteria. Dawa hii kwa nyoka inakaa muda mrefu mwilini kwahiyo huchomwa kila baada ya saa 72. Daktari alinipa sirinji ndogo zimeshajazwa, nikaziweka friza, kila siku ya tatu natoa moja naishika kiganjani mpaka iyeyuke ipate joto la mkono. Mke wangu ananishikia, mi napitisha sindano katikati ya magamba, theluthi ya mbele ya mwili, kamwe sio nyuma, kwasababu damu ya nyuma kwa nyoka inaweza kupitia kwenye figo kwanza kabla dawa haijasambaa. Sindano kumi, mwezi mzima. Ya kwanza mkono ulinitetemeka nikamuomba radhi kwa sauti. Ya tano hivi nikasikia usiku hakuna mluzi, nikaamka nikawasha taa nikidhani kafa, nikakuta anatoa ulimi. Nakuambia haya ili ujue ni kazi unayoiweza, wewe unayegeuza wazee kitandani usiku kucha hutashindwa na sindano nyembamba.

Daktari wa kumtafuta ni anayetibu reptilia. Huko Marekani kuna chama cha madaktari wao, kifupi chake ni ARAV, kwenye tovuti yao unaweza kutafuta daktari aliye karibu na unapoishi. Ukipiga simu sema hivi, chatu anapumua mdomo wazi na anatoa povu, kapoteza asilimia 15 ya uzito. Maneno hayo yatakusogeza mbele kwenye foleni. Na hela iseme mapema bila aibu, waambie bajeti yako ni kiasi gani, uliza nini cha lazima leo na nini kinaweza kusubiri. Mara nyingi kumuona na kuanza dawa ni bei ndogo kuliko vipimo, eksirei inaonesha mapafu yamejaa kiasi gani lakini sio kila daktari ataidai siku ya kwanza. Kuna kipimo kimoja ningekuomba ukiulizie hata kama utalipia baadae, wanachukua ute wa kooni kwa pamba kuangalia virusi. Tangu 2014 inajulikana kuna virusi vinavyoshambulia mapafu ya chatu, na hivyo havina dawa ya kuviua, kwahiyo ni vizuri ujue unapigana na nani.

Siku ya kwenda, washa gari dakika 20 kabla ndani pawe pamoto. Muingize kwenye foronya safi, funga fundo huko juu mbali nae, iweke foronya ndani ya kuli boksi pamoja na chupa ya maji ya moto uliyoifunga taulo isimguse, kifuniko ukiache wazi kidogo. Akiwa ameachama mdomo muda wote bila kufunga, au ndani ya mdomo pamekuwa kijivu, au hatoi tena ulimi ukimsogelea, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Na wewe mwenyewe, unafanya kazi na wazee. Nyoka hata akiwa mzima anaweza kubeba salmonella, bakteria wanaoharisha watu, nawa kwa sabuni kila ukimgusa au ukigusa kitu chake, vyombo vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni, na nguo uliyomhudumia usiende nayo kazini. Mama mkwe nae kwa umri wake asimshike.

Sasa friza. Mume wako kaambiwa kitu ambacho watu wengi wanakiamini, na mimi zamani niliambiwa hivyo hivyo. Sio kweli. Kugandisha nyoka mkubwa akiwa hai madaktari wa wanyama Marekani hawakubali kuwa ni njia ya kumuua kwa huruma, anapoa taratibu, hawezi kukimbia, hawezi kuonesha chochote, na wewe nje ya mlango unadhani kalala. Mwambie shemeji kwa utulivu, simwambii kwa ubaya, kwamba kama itafika hapo, daktari ana sindano mbili, ya kwanza inamlaza usingizi mzito, ya pili inamaliza, na mnaweza kumuomba daktari huyo huyo siku hiyo hiyo. Huko sio kushindwa. Yule wangu wa pili alikuwa na virusi, tulimpigania wiki saba, mwisho alikuwa hawezi tena kujigeuza akilala chali, nikampeleka. Nilikaa nae nimemshika mpaka mwisho na sijawahi kujuta ile safari, ninachojutia ni wiki mbili za mwisho nilizochelewa kwa kutumaini tu. Kwahiyo muulize daktari wazi wazi, ungekuwa wewe ungeendelea? Wengi watakujibu kweli.

Lakini hujafika hapo. Shanga ana miaka sita, hawa wanaishi miaka 20, 30, kwenye bustani ya wanyama ya St. Louis kuna jike wa aina hii alitaga mayai mwaka 2020 akiwa amepita miaka 60. Huyu wako bado ni binti.

Kuhusu ada za nyumbani, hilo la mume wako lina uzito na sitalipuuza, kwenye familia zetu hela ya mgonjwa wa miguu miwili ndo inatangulia. Ila kaeni mpange kiasi mnachoweza, hata kama ni nusu, mkipeleke hicho kwa daktari mjue kinafika wapi. Mkishachukua kiumbe mkamfungia kwenye kioo, hawezi kwenda kujitafutia jua mwenyewe.

Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba huyu ni wa kwetu Afrika, anatokea Senegal mpaka Uganda, hana sumu. Kule Ouidah, Benin, kuna hekalu wanapokaa chatu hawa hawa, watu wanawaheshimu, wakiwakuta njiani wanawapisha au wanawabeba kuwarudisha. Sio lazima ampende. Muombe tu asimtoe nje, na muombe dua, alishaanza.

Farid mpigie leo. Najua ni muhula mpya, najua unataka kumlinda, ila ana miaka 19, huyo ni mnyama wake, na akija kujua mwezi wa tatu kwamba mlikaa kimya atabeba kitu kizito kuliko kukosa kipindi kimoja. Mwambie na la besimenti, usilifiche. Alafu yeye anajua mambo ambayo daktari atayauliza na wewe huna majibu, alinunuliwa wapi, amewahi kukaa na nyoka mwingine, amewahi kuwa na utitiri, alijivua gamba lini mara ya mwisho. Anaweza hata kuwepo kwa simu mkiwa ndani ya chumba cha daktari.

Na lile daftari lake la uzito usiliache nyumbani. Liweke kwenye begi pamoja na foronya, ukurasa wa Agosti uukunje kona, na chini yake andika kwa mkono wako tarehe ya jana, gramu 1,390.